Mara Tano Katika Hamsini

Mashine yetu ilikuwa mwoga, na woga wenyewe tuliifundisha sisi. Kila ilipobashiri mvua kubwa na mvua isije, tuliikata alama. Ilipobashiri manyunyu na mbingu zikafunguka, tuliikata pia, lakini mvua za kuua ni za nadra na manyunyu ni ya kila wiki, kwa hiyo iligundua upesi kwamba usalama uko kwenye kusema manyunyu. Mtoto ukimchapa kila akifungua mdomo, usije ukashangaa amekuwa bubu.

Kazi ya Maristel Obligar ilikuwa kuiondolea woga huo. Tulikaa meza moja katika taasisi ya utafiti kule Quezon City, upande wa Manila, yeye na mvua zake za tufani, mimi na ukame wangu, chini ya kiyoyozi kilichotuvujia mwaka mzima. Wote wawili tulikuwa na shahada za uzamivu na mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Kwenye bahasha tuliandikwa madaktari, lakini maisha yetu yalikuwa ya vibarua. Aliniita Kuya Seb, yaani kaka Seb, kwa kuwa nimemzidi umri, na pia kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kugombana na watu kwa niaba yake bila kutumwa. Watu wa Batangas ndivyo tulivyo, tunazaliwa tumeshakasirika.

Kwao ni Bicol, kitongoji kilichokaa kwenye mteremko wa volkano. Mlima ule ukitapika moto, kila mtu hukimbia, hilo halihitaji daktari. Hatari inayosahaulika ni majivu yanayobaki juu baada ya moto kuzimika. Yanakaa kule miaka, yanaota nyasi, watu wanalima minazi na kulea watoto chini yake. Kisha siku moja mvua ya kutosha inapiga mahali pamoja kwa saa nyingi, na mteremko mzima unageuka uji wa mawe na kushuka. Maristel aliingia katika utafiti huu kwa sababu hiyo tu. Alitaka mashine itakayojua siku hiyo kabla haijafika.

Mwaka uliotangulia alidhani ameipata. Mashine ilionyesha mvua kubwa juu ya mlima, naye hakusubiri ruhusa ya mtu, akampigia Kapitan Delfin, kiongozi wa kitongoji chao. Baba yake, Tatay Macario, akapita mlango hadi mlango akibeba vikongwe na magodoro. Kitongoji kizima kikalala shuleni ng'ambo ya daraja siku mbili, watoto wakikimbizana juu ya madawati. Mvua ikaenda kunyesha baharini. Waliporudi nyumbani walikuta kuku wameibwa na mbwa wamekula samaki waliokuwa wameanikwa.

Tangu siku ile mzee akaitwa Baba Mvua. Jirani yake, bibi kizee mmoja aitwaye Lola Ising, kila akitoka na beseni la nguo alipaza sauti juu ya ua: "Macario! Mwanao anasemaje leo, nianike au nisianike?" Mzee alicheka pamoja nao. Lakini aliacha kwenda kwenye uwanja wa kupiganisha majogoo siku za Jumapili, na mtu yeyote anayejua wanaume wa kule atakwambia kwamba huo si uamuzi mdogo.

Malalamiko yalipanda hadi idara ya hali ya hewa, yakateremka kwetu. Profesa Arceo, mkuu wetu, alimwita Maristel, nami nikaingia naye bila kualikwa.

"Tahadhari ina mdomo mmoja tu kisheria," profesa alisema. "Na mdomo huo si wako, hija."

"Hija" ni binti. Alipenda kutuita wanawe hasa anapotaka kutukata.

"Naelewa, Prof."

"Habari ikitoka tena nje ya chumba chenu cha kazi, Desemba nisitafutwe. Mkataba hauongezwi."

Sheria ile ina busara yake, sikatai. Kama kila mwenye kompyuta angekuwa anatangaza tufani, watu wangehama kila Jumatatu na mwisho wasingemsikiliza yeyote. Ila niliona jinsi Maristel alivyotoka mle ofisini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuanzia hapo alizungumza kama mashine yake, manyunyu, manyunyu, manyunyu.

Basi ikafika Novemba na tufani nyingine ikaanza kuja kutoka mashariki. Haikuwa kubwa. Idara ilipandisha ishara namba moja, ya chini kabisa, ile ambayo watu wetu huichukulia kama sababu ya kutopeleka watoto shule na kukaanga ndizi nyumbani.

Mashine yetu haibashiri mara moja tu. Hakuna ajuaye hewa ilivyo kila mahali kwa hakika, kwa hiyo tunaiambia iicheze tufani ileile mara hamsini, kila mara tukibadilisha mwanzo kidogo. Kisha tunachukua wastani, na wastani ndio unaokwenda kwenye ripoti. Wastani wa siku ile ulikuwa mvua ya kawaida, watu walowe, wakauke, yaishe.

Maristel hakuridhika na wastani. Akazifungua zote hamsini, moja baada ya nyingine. Arobaini na tano zilipita haraka kuelekea magharibi. Katika tano, tufani ilifika pembeni ya mlima, ikapunguza mwendo, ikakaa. Ilikaa palepale ikimwaga maji nusu siku. Na hizo tano hazikuwa na wazimu, zilikubaliana, kila moja ilisimama mahali palepale.

"Kuya, hebu njoo uone," aliniita.

Nikaona. Tukazipeleka kwa profesa.

"Wastani unasemaje?" akauliza.

"Zinazoua ni hizi tano, Prof, wastani haujawahi kuua mtu," Maristel akajibu.

"Wala haujawahi kumfukuzisha mtu kazi." Kisha akalainika kidogo. "Nitawaandikia idara. Wao ndio wenye mdomo."

Na aliwaandikia kweli, nisimsingizie. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Walishukuru, walisema wamelizingatia, na ishara ikabaki namba moja.

Alasiri ile Maristel akampigia baba yake. Aliweka simu mezani kwa sauti ya wazi, ili nami nisikie. Nyuma ya mzee majogoo walikuwa wanawika ovyo.

"Tay, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, unakula au unatafuna hiyo kompyuta?"

"Tay, nisikilize. Kuhusu kesho."

 Mzee akashusha sauti: "Inasemaje?"

"Mara tano katika hamsini, tope linashuka upande wetu."

"Yaani moja kwa kumi." Akapiga mluzi. "Jogoo wa moja kwa kumi namwekea dau mpinzani wake nikiwa nimefumba macho."

"Uwanjani ukishindwa unapoteza hela, Tay."

"Usinifundishe kushindwa, nimeshindwa tangu hujazaliwa." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Idara inasema namba moja."

"Najua wanachosema. Nakuomba utoke kesho asubuhi. Nenda kwa shangazi, kwa Tiya Belen, ng'ambo ya daraja."

"Kapitan ameambiwa?"

Maristel akanitazama mimi, sijui alitaka nimjibie nini.

"Hapana. Siruhusiwi, Tay. Hata wewe sikupaswa kukwambia."

"Kwa hiyo nitoke peke yangu. Nipite na begi mbele ya Ising, nimwambie naenda kunyolewa?"

"Sema lolote."

"Nikionekana na begi, kila mtu atajua nani amesema. Isiponyesha, kicheko kitafika mpaka kwa bosi wako. Wewe mwenyewe ulinieleza habari ya Desemba." Akawafokea majogoo. "Na siwezi kuwaacha wale watu wamelala, anak. Hata yule kizee mwenye mdomo."

Anak ni mwanangu. Maristel akaanza kulia, bila sauti, lakini baba akajua.

"Acha. Mtu mwenye digrii tatu halii ofisini. Nitatoka, nakuahidi. Namna ya kutoka niachie mimi."

"Utafanyaje?"

"Nguruwe wangu amenona kuliko Kapitan Delfin," akasema, na simu ikakatika.

Tulidhani amebadilisha mazungumzo, ndivyo wazee wetu wanavyofanya machozi yakiingia. Tukacheka hata, mimi na yeye. Nikamnunulia chai ya maziwa, tukarudi kwenye kazi.

Kesho yake tulikaa mbele ya picha za setilaiti tangu asubuhi. Kabla ya saa sita mchana tufani ilifika pembeni ya mlima. Nilisema moyoni, pita, mwanaharamu wewe, pita. Ikapunguza mwendo. Maristel aliweka kidole kwenye kioo na kukiacha pale, na tufani haikusogea kutoka chini ya kidole chake. Alipiga simu ya baba yake, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena, ikawa haiiti. Ndipo akampigia Kapitan. Mtandao wa kule ulikuwa umekufa. Idara ilipandisha ishara kuwa namba tatu wakati ambapo, kama tulivyojua baadaye, mteremko ulikuwa umeshaanza kushuka.

Mwili wa Tatay Macario ulipatikana kwenye shamba la mpunga, mbali sana na nyumbani kwake. Nyumba yenyewe haikupatikana, wala mahali ilipokuwa.

Nilimsindikiza kwao kwa basi. Safari ni ndefu, na sehemu za barabara zilikuwa zimeondoka, tukashuka na kutembea, tukapanda gari jingine. Njiani ujumbe wa profesa ukaingia kwenye simu yake. Aliusoma, akanipa mimi. Mstari wa kwanza ulikuwa rambirambi. Wa pili ulisema zile mara tano zimewashangaza watu wakubwa, kwamba hakuna mashine nyingine iliyoiona tufani ile ikisimama, na mkataba wake umeongezwa, si mwaka mmoja, mitatu. Wa tatu uliuliza makala ya utafiti anaweza kuianza lini. Nilitaka kuirusha simu dirishani. Maristel akaichukua mkononi mwangu taratibu na kuiweka kwenye begi.

Mkesha ulifanyiwa katika kanisa dogo karibu na shule. Jeneza lilikuwa mbele, na pembeni yake, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe, ilisimama picha ya Lola Ising, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupatikana. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wakinywa kahawa na biskuti, wengine wakicheza karata kama desturi, ili wafu wasiachwe na upweke. Nilishangaa wingi wao. Kitongoji kilichofutika nilitegemea kingekuwa na majeneza mengi zaidi.

Mara tu Maristel alipoingia, wakamzunguka, wanawake wakamkumbatia, wakaanza kusema mambo ambayo hatukuyaelewa.

"Hongera, Doktora. Mkataba wako ndio uliotuokoa."

"Mungu akuzidishie hiyo kazi. Bila karamu yako tungekuwa tope sasa hivi."

 Kapitan Delfin, mtu mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi, akatukalisha na kutuhadithia.

Asubuhi ya siku ile Tatay Macario alichinja nguruwe wake. Akapita mlango hadi mlango, kama mwaka jana, ila safari hii hakutaja mvua. Alisema binti yake ameongezewa mkataba Manila, na karamu itakuwa ng'ambo ya daraja, kwa Belen, kwa sababu kwake paa linavuja. Alikodi na mashine ya karaoke. Nani kwetu anaachia nguruwe wa kuchoma kwa ajili ya ishara namba moja? Walikwenda wote, na vyungu vya kubebea mabaki, na watoto, na vikongwe mabegani. Walikula wakaimba huku mvua ikipiga bati hata mwenye kipaza sauti hakusikika.

"Wote isipokuwa Ising," Kapitan alisema. "Yeye alikataa. Alimwambia, karamu ng'ambo ya daraja siku ya mvua, Macario, unafikiri mimi nimezaliwa jana? Unanihamisha tena kwa ujanja. Sili nguruwe wa mvua mimi."

Mzee alimbembeleza, akamtania, akashindwa. Karamu ilipokolea alifunga nyama kwenye jani la mgomba, na kipande kizuri cha ngozi iliyokauka vizuri, akachukua mwavuli.

"Nilikutana naye darajani," Kapitan aliendelea. "Nikamwambia, rudi, maji yamepanda. Akaniambia, Ising akionja hii ngozi atalainika, nitamshusha mwenyewe. Alikuwa anacheka. Hatukuwaona tena."

Kizee mmoja nyuma yetu akadakia, "Safari hii Baba Mvua hakuota mvua hata kidogo. Mtakatifu alimtia hamu ya nguruwe tu, mtu wa watu. Alikuwa hajui lolote."

"Hajui lolote, maskini," mwingine akaitikia, na baadhi wakatabasamu kwa upendo. Ndivyo walivyomweka tayari, mzee mpenda karamu aliyebahatika kuwaokoa na kukosa bahati yake mwenyewe.

Niliona uso wa Maristel unabadilika. Nikamshika mkono chini ya benchi, nikamnong'oneza, "Nyamaza, wacha wampende wanavyotaka." Akautoa mkono wake. Akasimama.

"Alijua," alisema.

Wacheza karata wakainua vichwa.

"Baba alijua. Nilimwambia mimi, siku moja kabla. Mashine ilionyesha tope. Mimi nilikatazwa kusema, na yeye alijua nikijulikana nafukuzwa. Siku ile hakukuwa na mkataba wowote. Alichinja nguruwe wake ili awatoe bila kunitaja. Hakuwa mpumbavu wa mvua, wala hakuota nguruwe. Alifikiri kuliko sisi sote." Akaelekeza mkono kwenye jeneza. "Nataka mjue hivyo mnapomzika."

Kwa muda mfupi nilidhani amefanya vyema. Mwanamke mmoja alipiga ishara ya msalaba, mwingine akaanza kulia upya na kulitazama jeneza kwa macho mengine kabisa.

Kisha Fermin akasimama. Huyu alikuwa mwana wa Lola Ising, dereva wa pikipiki ya abiria, mtu mpole ambaye tangu tuingie alikuwa akitumiminia kahawa. Birika lilikuwa bado mkononi mwake.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Ndiyo, Kuya Fermin."

"Mama alikataa karamu. Hakukataa tope, hakuna aliyemwambia habari ya tope." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mimi nilikuwa ng'ambo nakula nyama. Nilishika kipaza sauti, Doktora. Niliimba. Ningejua ningemfunga kamba nikambeba, hata kama angenilaani njia nzima."

"Macario alirudi kumfuata," Kapitan akasema.

"Macario alirudi na ngozi ya nguruwe, kwa sababu hakuruhusiwa kurudi na ukweli. Na yeye amekufa kwa hilohilo."

Mimi sikosi jibu maishani mwangu. Nilikuwa nalo tayari, kwamba mama yake angecheka tu, kwamba mwaka jana walipoambiwa ukweli waligeuza dhihaka, na kwamba yeye Fermin bila shaka alicheka nao. Nikaanza kuinuka. Kapitan Delfin akanirudisha chini kwa mkono wake mzito. Hakunitazama mimi, alimtazama Maristel.

"Mwaka jana ulinipigia mimi," alisema polepole. "Namba yangu unayo."

"Ninayo, Kapitan."

"Mwaka huu mbona hukupiga?"

Angeweza kutaja sheria, au profesa, au zile arobaini na tano zilizopita bila kudhuru. Yote yangekuwa kweli. Mvua ilikuwa imekatika, na nje kulisikika watu wakichimba kwa majembe upande wa mtoni.

"Niliogopa kupoteza kazi," Maristel alisema.

Fermin aliweka birika chini. Akaenda mbele, akachukua picha ya mama yake kutoka kwenye kile kiti, akaifuta masizi ya mshumaa kwa mkono wa shati, akaikumbatia kifuani. Alimwinamia Tatay Macario jenezani kwa heshima yote. Kisha akatoka, na ndugu zake wakamfuata, na baada yao familia mbili tatu nyingine, kila mtu akiacha kikombe chake kwenye benchi.

Waliobaki walimsubiri Maristel aanzishe rozari, maana ni kazi ya mtoto wa marehemu. Alipiga magoti mbele ya jeneza, karibu na kile kiti kitupu, akashika shanga, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Nilipiga magoti kando yake nikaianza mimi.